Jua la Makuyuni: Nani Alipewa Kofia?

Mwaka 1905 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaunganisha. Huko Marekani, daktari wa jeshi aitwaye Charles Woodruff alichapisha kitabu kilichodai kwamba mwanga wa nchi za joto unamwua mzungu polepole. Hakulaumu mbu wala homa. Alilaumu mwanga wenyewe, unaopenya ngozi na kuuchosha ubongo. Na huku Afrika Mashariki, reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga, ambayo ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, ilikamilika hadi Mombo. Abiria wa kizungu alishuka Mombo, akapanda milima ya Usambara hadi Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto. Kabla ya hapo alikuwa amevuka tambarare ya Makuyuni, kichwani amevaa chepeo nene ya jua ambayo asingethubutu kuivua nje ya kivuli hata kwa dakika moja.

Makuyuni ni kata ya Wilaya ya Korogwe, chini ya milima. Ng'ambo ya mto Pangani, upande wa kusini, iko Handeni, nchi ya Wazigua. Pako takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na mtu aliyewahi kusimama huko saa saba mchana mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa maana yake. Kipimo cha kimataifa cha mionzi ya urujuanimno huita kiwango cha 11 na kuendelea kuwa ni cha kupindukia. Katika ukanda huu, mchana usio na mawingu, kiwango hicho ni cha kawaida.

Hofu ya Woodruff haikuwa yake peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Louis Sambon, mhadhiri wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London, alibuni kitambaa kilichoitwa Solaro: nje rangi ya kaki, ndani nyuzi nyekundu. Hoja yake ilikuwa kwamba ngozi ya mtu mweusi ina rangi ya kuizuia miale mibaya, na mzungu anaweza kujishonea rangi hiyo kwenye bitana. Askari wa Kiingereza wakashonewa pia vipande vya kitambaa vya kufunika uti wa mgongo, kwa kuwa iliaminika jua likiupiga mgongo mtu huanguka. Jeshi la Marekani lilikwenda mbali zaidi. Kule Ufilipino, liliwavalisha mamia ya askari nguo za ndani za rangi ya chungwa iliyokolea, na wenzao likawavalisha nyeupe, kisha likasubiri kuona nani atadhurika. Waliovaa za rangi walilalamika kwamba wanaungua kwa joto. Faida haikuonekana.

Yanachekesha sasa, lakini ndani ya kichekesho hicho mna chembe ya kweli. Kuna miale isiyoonekana inayoharibu ngozi, na rangi ya ngozi huizuia. Walichokosea ni mahali pa madhara. Mgongo na ubongo havikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa usoni, masikioni, kwenye mdomo wa chini na nyuma ya mikono, mahali ambapo chepeo haikufika. Walikosea pia kuhusu milima. Mzungu alikimbilia Lushoto kwa sababu ya baridi, akidhani kwamba palipo na baridi jua halina makali. Kumbe mionzi ya urujuanimno huongezeka kadiri mtu anavyopanda, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Pengine kilichowaokoa wengi wao ni ukungu wa Usambara tu.

Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kando ya Pangani, yakachukua Mombo, kisha Korogwe, kisha Handeni. Wapagazi walioyabebea mizigo hawakuvishwa chepeo wala kitambaa cha mgongoni. Hali ilikuwa hiyohiyo mashambani. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikiwa imetoka Florida, na katika miongo iliyofuata ukaijaza nchi kuanzia Tanga hadi Mombo na kuendelea. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko, wakakata majani kwa kazi ya kupimiwa. Wengi waliingia shambani alfajiri ili wamalize kabla jua halijawa kali. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yao: saa. Waliobaki hadi mchana walijifunga kitambaa kichwani au walivaa kofia ya ukindu. Wakati nchi ilipovuna mkonge kuliko wakati wowote, tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, haujulikani mwongozo wowote wa jua uliokuwa umeandikwa kwa ajili ya mkata mkonge.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mtu mweusi hahitaji. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1979 ulipima kiasi cha mionzi ya jua inayounguza ngozi ambacho hupenya tabaka la juu: kwenye ngozi ya wazungu ilipenya asilimia 24, kwenye ngozi nyeusi asilimia 7 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini katika familia hizohizo za manamba, za Wazigua, Wasambaa na Wabondei, walizaliwa watoto wenye ualbino, ambao ngozi zao hukosa melanini (rangi ya asili ya ngozi) au huwa nayo kidogo mno, na kwa hao hesabu ilikuwa nyingine. Tiba ya Ulaya iliyojishughulisha na ngozi nyeupe juani haikuwaona.

Wakati Woodruff anauogopa mwanga, mtu mwingine alikuwa tayari amepewa Tuzo ya Nobel kwa kuutumia kama dawa. Niels Finsen alizaliwa visiwa vya Faroe mwaka 1860, akasomea udaktari Copenhagen, na alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Mwaka 1893 alipendekeza wagonjwa wa ndui wawekwe katika vyumba vyenye mwanga mwekundu tu, ili miale mikali isiwaachie makovu. Kisha akaigeuza hoja. Ikiwa miale hiyo ina nguvu ya kudhuru, basi ielekezwe kwenye kinachostahili kudhuriwa. Alitengeneza taa kubwa ya umeme yenye lenzi za kwatzi (quartz) zilizopoozwa kwa maji, akaielekeza kwenye nyuso zilizoliwa na kifua kikuu cha ngozi. Wagonjwa walilala chini ya taa hizo saa nzima au zaidi, siku baada ya siku, kwa miezi. Wengi walipona. Taasisi yake ilifunguliwa mwaka 1896, Nobel ikaja mwaka 1903, naye akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43.

Ulaya humtaja Finsen kuwa baba wa tiba ya mwanga, na kwa upande wa taa ni sawa. Kwa upande wa jua, Afrika ilitangulia. Katika bonde la Nile kulikuwa na mmea, Ammi majus, ambao mbegu zake zilitumiwa kutibu mbalanga: mgonjwa alikula au kupakwa dawa, kisha akaketi juani mpaka madoa meupe yaanze kupata rangi. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea wa karne ya 13, aliiandika dawa hiyo. Miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri walitenga kiini chake, na daktari wa ngozi wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, akaanza kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa kiini hicho pamoja na mwanga. Tiba hiyo, ikiwa na taa maalumu badala ya jua, ilienea hospitali za Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1970. Wachache wanaoitumia hukumbuka ilikoanzia.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyozaa mashine zinazotangazwa leo kwa ajili ya kuondoa wekundu wa uso na madoa ya jua. Mei 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California. Miaka michache baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa akiijaribu kwenye ngozi za watu. Leza za mwanzo ziliunguza kila kitu, zikaacha makovu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza namna ya kuepuka hilo. Kila rangi mwilini hunyonya mwanga wa aina yake: damu hunyonya sana mwanga wa kijani na wa njano, melanini hunyonya karibu kila kitu. Basi ukichagua mwanga unaopendwa na damu, ukaupiga kwa muda mfupi sana, mshipa mdogo unaofanya uso uwe mwekundu utaungua na nyama iliyouzunguka itabaki salama. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja taa ya mwanga mkali wa mapigo, ambayo si leza bali mwanga wa rangi nyingi uliochujwa, nafuu zaidi na inayofaa kwa uso mzima. Ndiyo hiyo iliyojaza saluni na zahanati za urembo duniani.

Mashine hiyo ilibuniwa kwa uso mweupe uliozeeka juani. Huu si uchochezi. Mashine hutafuta rangi, na kwenye ngozi nyeusi rangi imetandazwa kila mahali. Mwanga uliokusudiwa kufika kwenye mshipa wa damu huishia kwenye melanini ya juu, nayo hupata joto. Matokeo ni malengelenge, kisha madoa meusi au meupe yanayoweza kudumu miezi, pengine miaka. Hata mizani ya kupanga ngozi iliyotungwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 ilianza kwa kuzipanga ngozi nyeupe. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ziko leza zinazoifaa zaidi ngozi nyeusi, hasa zile za mawimbi marefu zinazoipita melanini bila kuisumbua sana, lakini zinahitaji mtu aliyesomea, si mtu aliyenunua mashine mtandaoni.

Kwa Mtanzania wa kawaida wekundu wa uso una chanzo kingine, na chanzo chenyewe huuzwa dukani. Mkorogo, yaani krimu ya kujichubua, umekuwa na zebaki, haidrokwinoni na dawa kali za steroidi, mara nyingine vyote katika kopo moja. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ikaanza kuonekana, uso ukawaka kila ukipigwa na jua. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huacha madoa ya bluu-nyeusi ambayo hayatoki kwa sabuni wala kwa krimu nyingine. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliipa serikali meno, TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikapiga marufuku orodha ndefu ya vipodozi, na tangu mwaka 2019 jukumu la vipodozi liko kwa shirika la viwango, TBS. Shehena hukamatwa na kuteketezwa, na bado kopo hupatikana gulioni. Mwanamke aliyejichubua kwa miaka 10 kisha akaenda kuomba taa ya kuondoa wekundu anaiweka ngozi iliyochoka chini ya mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Daktari mwaminifu atamwambia aanze kwa kuacha mkorogo taratibu, chini ya uangalizi, na ajikinge na jua.

Watu wa pwani walikuwa na njia zao za kuutunza uso. Liwa, mti wenye harufu nzuri uliosagwa juu ya jiwe kwa maji, ulipakwa usoni na kuachwa ukauke. Manjano pia, na dalia. Vilikuwa vipodozi kwanza, lakini tabaka la unga lililotanda shavuni halikosi kupunguza makali ya jua, na mwavuli wa bibi wa Tanga au Pangani haukuwa wa mvua peke yake.

Waliohitaji kinga kuliko wote walisubiri hadi mwaka 1985 ndipo takwimu zao zikaandikwa. Mwaka huo Jeff Luande, Claudia Henschke na mwenzao walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Walikadiria kwamba nchini mtu mmoja kati ya 1,400 hivi huzaliwa na ualbino, idadi kubwa mno ukilinganisha na Ulaya. Ngozi zilionyesha madhara ya jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Kufikia miaka 20, hakukuwa na aliyebaki bila dalili za saratani au za kuielekea. Wengi wa waliokuwa na saratani iliyokomaa walikuwa vijana. Imani za kale zilisema mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka. Ukweli ulikuwa kwamba alikufa, mara nyingi kabla ya kuwa mzee, kwa kidonda cha shavuni au shingoni ambacho kilianza kama gamba dogo lisilouma. Chama cha Maalbino Tanzania kilikuwa kimekwishaanzishwa, mwaka 1978. Kilichokosekana kilikuwa tiba ya mapema.

Tiba hiyo ilipata makao Moshi. Mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC, kilifunguliwa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, mkuu wake wa kwanza akiwa Henning Grossmann. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa daktari bingwa wa ngozi alikuwa adimu mno. Kutoka hapo zilianza kliniki za kutembea: gari, tabibu, chupa ya nitrojeni ya kimiminika, kofia pana na elimu. Gamba linaloelekea saratani hugandishwa kwa sekunde chache, likakauka na kudondoka. Huko Ulaya gamba hilohilo linaweza kupakwa dawa na kuangaziwa taa nyekundu au ya bluu, tiba ambayo mizizi yake ni Munich mwaka 1900, mwanafunzi Oscar Raab alipoona vijidudu vilivyowekwa rangi vikifa vinapopigwa na mwanga. Ni tiba nzuri, haiachi kovu kubwa. Ila inataka dawa ya bei, taa, umeme usiokatika na mgonjwa anayeweza kurudi. Chupa ya nitrojeni inapanda gari hadi kijijini. Katika mazingira ya Tanzania uamuzi wa kuchagua baridi badala ya mwanga ulikuwa sahihi, na haukuwa wa kimaskini.

Halafu yakaja mafuta. Losheni za kuzuia jua zilizoletwa kama msaada zilikuwa za kubahatisha: leo zipo, kesho zimekwisha muda, nyingine zilinukia manukato ya ufukweni. Mafalda Soto, mfamasia wa Kihispania, aliongoza kazi ya kuzitengeneza hapohapo Moshi, kwa wafanyakazi wa Kitanzania na kwa kuwauliza watumiaji wenyewe kama zinanata, kama zinawasha, kama kopo linadumu. Zikaitwa Kilisun, kwa jina la mlima. Zikagawiwa kupitia kliniki za ngozi, pamoja na maelekezo ambayo kwa wengi yalikuwa mapya: mafuta haya si ya kung'arisha, na hayampi mtu ruhusa ya kushinda juani.

Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa katika aibu nyingine. Kuanzia mwaka 2006 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao yalitangazwa duniani kote. Serikali ilikamata, mahakama zikahukumu, watoto wakakusanywa katika shule za bweni. Bungeni aliteuliwa Al-Shymaa Kway-Geer mwaka 2008, na mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini, wote wawili wakiwa na ualbino. Ilikuwa lazima kelele hizo zipigwe. Hata hivyo, panga liliua makumi, jua limeua wengi zaidi kimyakimya, na kwa jua hakuna aliyeshtakiwa.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuelimisha kuhusu ualbino, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Katika wilaya nyingi ndiyo siku ambayo kofia na mafuta hugawiwa mbele ya kamera. Siku nyingine zote za mwaka jua huchomoza vilevile.

Mtoto mwenye ualbino wa Makuyuni leo ana njia ambayo babu yake hakuwa nayo. Hospitali ya Magunga iko Korogwe, ya Bombo iko Tanga mjini, na barabara kuu inayopita jirani inakwenda moja kwa moja hadi Moshi, ilikofika reli ileile ya Wajerumani mwaka 1911. Saratani iliyokwisha kuenea hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye majengo yaliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890 kuwa hospitali yao na ambayo tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Lakini safari ya Ocean Road ndiyo ya kuepukwa. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kumketisha mtoto huyo mbali na dirisha lenye jua na kumruhusu avae kofia darasani na kwenye paredi, hata kama sare haina kofia. Mzazi anaweza kumpa kazi za asubuhi na jioni, kama walivyofanya wakata mkonge, na shati la mikono mirefu. Gamba au kidonda usoni, sikioni au mdomoni kisichopona ndani ya wiki nne kipelekwe hospitali ya wilaya, na aulizwe tabibu wa ngozi kwa jina hilo hilo: tabibu wa ngozi. Na halmashauri zinazopanga bajeti ya dawa kila mwaka ziyaandike mafuta ya kuzuia jua kwenye orodha, yasisubiri wafadhili wala tarehe 13 Juni.